Siku Tatu Bila Kalamu

Wanafunzi wa uuguzi katika chuo kimoja cha Mbale husikia habari za Sista Nulu kabla hajawafundisha hata kipindi kimoja. Husikia kwamba hapandishi sauti, kwamba hijabu yake nyeupe hupigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na kwamba ana tabia ya kuwanyang'anya watu kalamu. Hili la mwisho wengi hulichukulia kuwa ni chumvi ya waliotangulia. Halafu inafika siku ya kwenda kukaa na wenyeji mitaani, Sista Nulu anasimama kwenye mlango wa basi la chuo ameshika kikapu, na kila anayepanda anatumbukiza humo kalamu zake zote, hata ile ya akiba aliyoichomeka kwenye nywele.

Somo lenyewe lina jina kubwa: Stadi za Afya ya Dunia. Lililetwa na wageni wa chuo cha ng'ambo, pamoja na kijitabu chenye visanduku vya kutia vema. Mwanafunzi amesalimia? Vema. Amejitambulisha? Vema. Amezingatia utamaduni wa mgonjwa? Vema. Wanafunzi nao wakisikia neno dunia wanaona ndege. Mmoja wao, Jude, aliuliza pasipoti zitatoka lini. Nulu alicheka mpaka akafuta macho, kisha akamwambia pasipoti yake ni jerikeni, maana anakwenda Mafubira, nje ya Jinja, kuchota maji kwa mama asiyejua hata neno moja la Kimasaba, lugha ya kwao Jude.

Ndivyo alivyopanga. Watoto wa milimani Mbale aliwapeleka Busoga, upande wa Jinja. Wasoga aliwaweka nyuma ya viwanda vya Mbale, kwa vibarua waliotoka kila upande. Watoto wa kambini, wa askari na polisi na magereza, aliwatafutia nyumba za wafanyabiashara Waislamu. Walikaa wiki tatu. Siku tatu za kwanza hakuna kalamu wala swali lolote la afya. Unafanya kazi unayopewa na wenye nyumba, unakula wanachokula, unanyamaza. Siku ya nne Nulu mwenyewe hupita nyumba kwa nyumba kurudisha kalamu. Aliamini kwamba mtu akikuona umeshika kalamu, anakujibu kile anachodhani kalamu inataka. Mkuu wa chuo, Madam Racheal, aliona ni kupoteza siku tatu za watu, lakini alikuwa amechoka kubishana naye.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo amezaliwa na subira. Hata kidogo. Nulu alizaliwa Bugembe, na tangu utotoni alikuwa wa kuamua. Baba yake, Mzee Umar, aliuza vitambaa mjini Jinja, na mama yake, Namwase, alikaa naye dukani. Nyumbani walizungumza Kisoga. Ila wazee wale wawili walipokuwa na jambo lisilohusu masikio ya watoto, walihamia Kiswahili, ambacho Umar alikuja nacho kutoka upande wa Busia. Bei ya kweli ya kitambaa, nani kaposwa, nani anaumwa nini, yote hayo yalikuwa mambo ya Kiswahili. Mtaani kilikuwa lugha ya wanajeshi, na watu wa rika la Namwase walikuwa na sababu zao za kutokipenda, maana walikisikia kwanza kwa watu wenye bunduki. Lakini nyuma ya majora ya vitambaa ilikuwa lugha ya mke na mume.

Miaka kumi na miwili iliyopita Umar alipata kidonda mguuni. Alikuwa na sukari muda mrefu. Wakati huo Nulu alikuwa msimamizi wa wodi, na wodi yake ilikwenda kama saa. Alifunua ule mguu mara moja tu, akajua. Kabla saa nzima haijapita alikuwa amepata kitanda, amempata daktari, ametia saini karatasi. Mguu ulikatwa jioni ileile. Umar aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Hakuna aliyemlaumu Nulu, na kwa mujibu wa vitabu vyote alikuwa sahihi. Mwaka uliofuata aliacha wodi, akaenda Mbale kufundisha. Mama yake aliuza duka, akahamia Mafubira, na Kiswahili hakikusikika tena kinywani mwake. Nulu alilitafsiri jambo hilo kwa namna yake: mama amezeeka, amerudi kuogopa lugha ya askari kama wenzake.

Kila baada ya wiki mbili alikwenda kumtazama. Kwa miezi minne hivi, mama alikuwa akivaa soksi. Sasa fikiri: Jinja, mwezi wa pili, jua la kukausha mihogo, na mwanamke wa miaka sabini na sita ameketi barazani na soksi. Binti yake, mwenye miaka thelathini katika kazi ya uuguzi, aliuliza mara moja, akaambiwa ni baridi ya uzee, akamnunulia pea mbili nyingine za sufu.

Hapo ndipo anapoingia Night. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, msichana mrefu, mpole, mtoto wa Afande Aloysius, askari magereza kutoka kaskazini. Amekulia katika nyumba za askari, leo Mbale, kesho Soroti, kesho kutwa Jinja, na lugha iliyomlea ilikuwa Kiswahili cha kambini, kifupi, kilichonyooka. Kisoga hakujua hata cha kuombea maji. Mama wa Mafubira aliyekuwa ampokee alisikia ni mtoto wa askari, akakumbuka ghafla kwamba ana wageni. Basi la chuo limesimama barabarani, begi la Night liko chini. Nulu akaamua papo hapo, kama kawaida yake, akampeleka kwa mama yake mwenyewe.

"Kiswahili usikitie mdomoni humu," alimwonya mlangoni. "Mama yangu hakipendi. Kinamkumbusha wanajeshi."

"Sawa, Sista. Sasa mimi nitaongea nini?"

"Usiongee."

Kwa hiyo maskini Night alianza siku zake tatu bila kalamu na bila ulimi. Alifagia. Alichota maji. Alimenya matoke kwa namna iliyotupa nusu ya ndizi pamoja na ganda, na Namwase akakaa pembeni akimtazama kama mtu anayetazama mali ikiungua. Mchana Namwase, ambaye mtaani wote walimwita Jaja, yaani bibi, alipoketi barazani, Night alikaa naye kwenye mkeka. Bibi akiinuka, naye anainuka.

Siku ya nne Nulu alifika na kikapu chake. Alimkuta Night uani akianika nguo, akamnyooshea kalamu.

"Sista, mimi naomba wewe kaa nayo kwanza," Night alisema.

"Kwa nini?"

"Bado."

Nulu aliondoka akijivuna. Aliwaambia walimu wenzake Mbale kwamba kwa miaka saba ya kufundisha somo hili, huyu ndiye wa kwanza kulielewa. Hakujiuliza ni nini hicho kinachotaka kungojewa katika nyumba ya mama yake.

Mwishoni mwa wiki ya pili alirudi kukagua madaftari. Aliingia kupitia nyuma, na kabla hajafika jikoni alisikia sauti mbili, na moja ilikuwa ya mama yake, na ilikuwa ikisema Kiswahili. Kilikuwa kilekile, laini, cha dukani, cha kunong'ona. Alisimama palepale. Kwa nusu dakika alidhani atamsikia baba akijibu. Aliyejibu alikuwa Night, na wote wawili walikuwa wakicheka. Alipotokea mlangoni wakanyamaza, kama baba na mama walivyokuwa wakinyamaza zamani watoto walipoingia.

Namwase akamwitikia salamu kwa Kisoga, akaomba maji ya kunywa, akatoka kwenda barazani. Alikuwa akikanyaga kwa uangalifu, mguu wa kushoto ukitangulia kisigino. Safari hii Nulu aliona. Aliona hatua, akaona soksi, akaona miezi minne yote kwa mpigo.

Akalifungua daftari la Night. Kurasa za maji, za choo, za vyandarua zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko safi wa kalamu ya risasi aliyoazima kwa jirani. Ukurasa wa hali ya afya ya wenye nyumba ulikuwa na mstari mmoja: "Yupo mtu mmoja mwenye tatizo. Ameomba nisiandike."

"Night, ni mguu?"

Msichana alitazama chini.

"Nakuuliza. Ni mguu wa mama?"

"Sista, hiyo maneno si yangu. Ni ya Jaja. Alisema nisiandike, na alisema nisiambie wewe."

"Ni mama yangu mzazi."

"Ndiyo, Sista."

"Na mimi ndiye ninayekutia alama."

"Ndiyo, Sista." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, lakini hakurudi nyuma. "Lakini wewe ndiye ulitufundisha. Ulisema maneno ya mgonjwa ni kama nguo yake ya ndani. Huwezi kuanika kwa watu."

Nulu alikumbuka kweli alisema hivyo, na darasa lilicheka, na yeye alifurahi kwamba limecheka. Sasa alitamani angekuwa amesema jambo jingine. Kila kitu ndani yake kilikuwa kikimwambia nenda barazani, piga magoti, vua ile soksi, ita gari. Alikuwa ameshika simu tayari. Alijua namba ya daktari, alijua kitanda kingepatikana wapi. Mama alikuwa hatua kumi kutoka pale, kizee cha kilo hamsini, angeweza kumbeba.

Night akasema kwa sauti ya chini, "Alhamisi mimi naenda naye kliniki ya sukari. Amekubali. Amesema Sista asikuje."

Siwezi kukueleza jinsi neno hilo lilivyomkata. Alisimama pale jikoni, akitazama ganda la ndizi sakafuni, akajiona mgeni katika nyumba ambayo yeye ndiye anayelipia umeme wake.

"Nijibu moja tu," alisema hatimaye. "Sitaki kujua ni nini. Nataka kujua kama kinaweza kungoja mpaka Alhamisi."

Night alifuta uso kwa mgongo wa mkono, akasimama wima kama wanavyosimama watoto wa askari. "Niliangalia na macho yangu mwenyewe, asubuhi na jioni. Mwili hauna joto. Hakuna harufu. Ngozi haijakuwa nyeusi. Nilibonyeza, damu inarudi. Inaweza ngoja, Sista. Ikibadilika, mimi napiga simu hata kama Jaja atakasirika. Nilimwambia hivyo."

"Ulimwambia?"

"Ndiyo. Akasema sawa."

Nulu alifunga daftari, akaliweka mezani, akaenda kumuaga mama yake bila kutazama chini.

Alhamisi alikuwa Mbale. Kabla hata ya kipindi cha kwanza alikwenda kituo cha magari, akalipa nauli ya Jinja, akaketi dirishani. Gari lilikuwa limebakiza watu watatu kujaa. Alikaa humo na mkoba mapajani, akiona kila kitu: anafika saa tano, anamkuta mama kwenye benchi, mama anamwona. Uso wa mama akimwona, ndio uliomshinda. Akaomba kushuka. Kondakta alimwambia maneno ambayo hayaandikiki juu ya mama wa hijabu nyeupe, na yeye hakuyasikia. Alirudi chuoni akawafundisha wa mwaka wa kwanza namna ya kuosha kidonda, mada aliyoweza kuifundisha akiwa usingizini, na mara mbili alisahau alikuwa amefikia wapi. Beverlyne, mwanafunzi wa safu ya mbele, alimletea kiti bila kuambiwa.

Saa nane na dakika kumi simu ilitetemeka. Ujumbe wa Night ulikuwa na maneno machache: "Tumerudi. Mguu upo." Nulu aliugeukia ubao, akaufuta, ingawa haukuwa na kitu.

Jumamosi alikwenda Mafubira. Namwase alikuwa barazani, mguu umeegeshwa juu ya kigoda. Night alikuwa amekwenda kuaga majirani, maana Jumapili basi lilikuwa linawachukua. Nulu alipiga magoti kama binti wa Kisoga apasavyo, akamsalimu mama yake kwa Kisoga, salamu ndefu yote, ya nyumba, ya majirani, ya kuku.

"Umekasirika," mama alisema.

"Sijakasirika. Nimeumia, mama. Miezi minne. Mtoto wa watu unamjua siku tatu, ukamwonyesha yeye."

"Hakuniomba nimwonyeshe. Aliungua na sufuria siku ya tatu, akalia kwa Kiswahili. Nikamwambia atie mkono kwenye maji, kwa Kiswahili vilevile, kilinitoka tu. Tukatazamana." Namwase alitabasamu kidogo. "Unajua ni miaka mingapi sijakisema? Nilikuwa nakisema na nani? Mwenye kukisema nami alikwenda."

Miaka kumi na miwili Nulu alikuwa akiwaambia watu kwamba mama yake anaogopa wanajeshi.

"Nikamfunga mkono wake," mama aliendelea, "naye akanishukuru, akakaa. Hakusema sasa tufanye hivi, sasa twende pale. Hakujua la kufanya, bambi, maskini wa watu. Kwa hiyo alinisikiliza. Wewe, Nulu, unajua la kufanya kabla sijafungua mdomo. Siku utakayouona mguu wangu, siku hiyohiyo mimi si mama yako tena. Ni kitanda namba nne."

"Mama."

"Ngoja nimalize. Baba yako alilala pale hospitalini, akili zake timamu. Mkasimama juu yake, wewe na daktari, mkaongea Kiingereza. Akaninong'oneza, 'Namwase, wameniuliza mimi?' Nikamwambia bado. Akasema, 'Labda wataniuliza jioni.' Jioni wakaja na kile kitanda cha magurudumu."

Upepo ulipeperusha nguo za Night kwenye kamba. Nulu alikuwa bado amepiga magoti, na magoti yalikuwa yakimuuma, na hakuinuka.

"Angekufa siku ileile kama tusingekata," alisema. Ilikuwa kweli, na aliisema kama mtoto anayejitetea.

"Najua. Naye alijua. Angekubali, Nulu. Baba yako hakuwa mjinga. Alitaka kuulizwa tu."

Hapo Nulu alilia. Alilia bila adabu, kwa sauti, mpaka kuku wakakimbia, na hijabu yake iliyopigwa pasi ikalowa mpaka kifuani. Aliomba msamaha kwa baba, akaomba kwa mama, akaomba tena, na Namwase hakumnyamazisha wala hakumwambia yamepita. Aliweka mkono kichwani kwake, akauacha hapo mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Nulu alifuta uso. Akavuta pumzi. Maneno aliyowafundisha wanafunzi mia mbili yalimtoka kwa shida, kama ndiyo mara ya kwanza kuyasema, na pengine ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama, unaniruhusu niutazame mguu wako?"

Namwase alifikiri. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Hapana," alisema. "Leo sitaki."

Mikono ya Nulu ilikuwa imeshaanza safari, ikarudi. Ile soksi ilikuwa karibu na uso wake kiasi cha kuhesabu nyuzi. Alijua kabisa kilichokuwa chini yake kinahitaji nini, na alijua vidole vyake ni vyepesi kuliko vya msichana yeyote wa mwaka wa pili. 'Hapana' ya mgonjwa hakuwahi kuipokea maishani mwake bila kuizunguka kwa mlango wa nyuma.

"Sawa, mama," alisema.

Akainuka, akajikung'uta magoti, akaenda jikoni. Kulikuwa na matoke nusu yameshamenywa, vibaya kama kawaida. Alichukua kisu, akaketi, akamenya. Alimenya mkungu mzima. Alitandika majani ya migomba sufuriani, akapanga, akafunika, akachochea moto. Hakuna aliyemwita, na yeye hakuchungulia.

"Nulu." Sauti ya mama ilitoka barazani.

"Ee, mama."

"Yule mtoto hunibadilishia bandeji saa kumi. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi kasoro robo."

"Na kesho anaondoka."

"Anaondoka, mama."

Kiti cha barazani kikalia, kama cha mtu anayejiweka sawa.

"Basi nawa mikono," Namwase alisema. "Kwa sabuni."

Nulu alinawa mpaka viwikoni. Akatoka kwenda barazani na mikono mitupu, ikidondoka maji, akapiga magoti mbele ya kigoda, akangoja mama yake avue soksi mwenyewe.